Umri una uzito gani kwa anayepandikizwa ini?

Familia inapoambiwa kwamba ini la mgonjwa wao limechoka na lililobaki ni kupandikizwa jingine, kikao cha nyumbani huanza na hesabu ya fedha. Haichukui muda kabla ya kufika kwenye umri. Mgonjwa akiwa mzee wa miaka 68, atatokea wa kusema kwamba harambee kubwa hivyo ni heri ifanyiwe kijana. Akiwa mtoto wa miezi 8, atatokea wa kusema kwamba mwili mdogo namna hiyo hauwezi kustahimili kisu. Kauli hizo husemwa kwa nia njema, na kila moja ina ukweli kiasi. Ila wakazi wanafaa kujua kiasi hicho ni kipi kabla ya kukata shauri.

Daktari Thomas Starzl alijaribu upasuaji huu kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1963 jijini Denver, Marekani. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 3, naye alifariki wakati wa upasuaji. Miaka minne baadaye Starzl alifaulu kumpandikiza mtoto mwingine ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 2, akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu aliyepita miaka 50 kwa kawaida hakufikiriwa kabisa. Mambo yalibadilika miaka ya 1980 ilipopatikana dawa ya saiklosporini, inayotuliza kinga ya mwili ili isilishambulie ini geni. Siku hizi nchini Marekani, takriban mtu 1 kati ya kila watu wazima 5 wanaopandikizwa ini ana miaka 65 au zaidi.

Je, wanaishi? Kwa jumla, katika hospitali zenye uzoefu, watu zaidi ya 9 kati ya 10 huwa hai mwaka mmoja baada ya upasuaji. Baada ya miaka 5, watoto walio hai ni takriban 9 kati ya 10, na watu wazima ni karibu 8. Kwa waliopandikizwa wakiwa na miaka 70 na kuendelea, idadi hiyo hushuka hadi kati ya 6 na 7. Kwa hivyo umri una uzito, wala hakuna haja ya kulificha hilo.

Lakini hapa ndipo vikao vingi vya nyumbani hupotea njia. Mzee wa miaka 68 hulinganishwa na kijana, ilhali anafaa kulinganishwa na yeye mwenyewe asipopata ini jipya. Mtu ambaye ini lake limejaa makovu, tumbo limeanza kujaa maji, anatapika damu au akili inamchanganyikia, kwa kawaida hubakiwa na takriban miaka 2 tu bila upandikizaji, na pengine miezi. Ukiweka kando ya hiyo nafasi ya kuishi miaka 5 na zaidi, picha inabadilika.

Kinachowamaliza wazee baada ya upasuaji mara nyingi si ini. Ini jipya huwa linafanya kazi vizuri, huku moyo, maambukizi au saratani ya sehemu nyingine ndiyo inayomchukua mtu. Kinga ya mzee huwa imepungua nguvu. Upande mmoja hilo ni nafuu, kwa sababu mwili wake haulikatai ini geni kwa ukali kama mwili wa kijana. Upande wa pili ni hatari, kwani dawa zilezile za kutuliza kinga humwacha wazi kwa nimonia na maradhi mengine. Ndiyo sababu madaktari humchunguza mzee moyo, mapafu, figo, sukari na shinikizo la damu kabla ya kukubali.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine kubwa. Mgonjwa hupimwa nguvu za kufumbata kwa mkono, huambiwa asimame na kuketi kitini mara 5 bila kujishika, kisha asimame wima miguu ikiwa imepangwa kwa namna mbalimbali bila kuyumba. Mzee wa miaka 70 ambaye bado anatembea hadi shambani anaweza kufaulu kipimo hicho, na mwanamume wa miaka 45 aliyelala kitandani miezi 4 akashindwa. Tangu mwaka 2002 Marekani hupanga foleni ya watu wazima wanaosubiri ini kwa alama zinazotokana hasa na vipimo vya damu, na katika alama hizo umri haumo.

Kwa watoto wachanga, tatizo ni tofauti. Walio chini ya mwaka mmoja wana mishipa ya damu myembamba sana, na damu ikiganda ndani ya mshipa unaolisha ini jipya, ini hilo hufa. Zamani hilo liliwaua wengi. Upasuaji wa mishipa midogo umeboreka, na sasa mtoto anaweza kupewa kipande kidogo cha ini la mzazi. Ini la mzazi hukua tena kwa wiki na miezi inayofuata, na kile kipande hukua pamoja na mtoto. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu wa namna hiyo ulifanyika Brisbane, Australia, mwaka 1989. Nchini India, ambako familia nyingi za Kenya hupeleka wagonjwa wao, mmoja wa waliofungua njia ni mtoto wa chini ya miaka 2 aliyepewa kipande cha ini la baba yake jijini Delhi mwaka 1998. Mtoto huyo alikua, akasomea udaktari.

Ugonjwa unaowafikisha watoto wengi huko ni kuziba kwa mirija ya nyongo. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Baadaye macho na ngozi huwa ya manjano, mkojo huwa mzito kwa rangi, na choo hupauka kikawa kama chokaa au udongo wa mfinyanzi. Upo upasuaji wa kuunganisha ini na utumbo, uliobuniwa na daktari Mjapani Morio Kasai miaka ya 1950, unaoweza kumwepusha mtoto na upandikizaji au kuuahirisha kwa miaka. Hufanya kazi vizuri zaidi ukifanywa kabla ya mtoto kutimiza siku 60. Huu ndio umri wenye uzito kuliko mwingine wowote katika habari hii, nao ndio unaopotea kwa urahisi, kwa kuwa mama huambiwa amwanike mtoto juani na manjano yatakwisha. Taiwan iliweka kadi ya rangi za choo katika kijitabu cha kila mtoto mwaka 2004, na watoto waliofanyiwa upasuaji mapema wakaongezeka.

Kuna kundi lingine ambalo watu hawalitarajii: vijana. Aliyepandikizwa utotoni akafika miaka 15 hadi 24 yuko katika kipindi kigumu, na wengi hupoteza ini lao wakati huo. Mwili wao ni imara. Ila dawa ni za kila siku maisha yote, kijana anajisikia mzima, baadhi ya dawa humnenepesha uso, na anahama kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima asikojulikana na mtu. Anaanza kuruka siku moja moja. Ini linapokataliwa haliumi, hivyo anaporudi hospitalini huwa amechelewa. Mzazi asiache kusimamia dawa kwa sababu tu mwanawe amekuwa mrefu kumpita.

Umri wa mtoaji nao huangaliwa. Mtoaji aliye hai kwa kawaida huwa na miaka 18 hadi karibu 55. Ini hata hivyo huzeeka polepole kuliko viungo vingine, na maini ya waliofariki wakiwa na zaidi ya miaka 70 yamewahi kutumika Ulaya yakafanya kazi.

Kwa familia inayojiandaa kusafiri, ni vyema kuuliza hospitali husika imepandikiza wangapi wa umri wa mgonjwa wao, na wangapi kati yao wako hai baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka 5. Gharama za dawa na vipimo vya damu baada ya kurudi nyumbani zihesabiwe mapema, maana harambee nyingi huishia kwenye tiketi na upasuaji.

Umri pia hupima hatari ya homa ya ini aina ya B, mojawapo ya magonjwa yanayoharibu maini ya Wakenya. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hubaki na virusi hivyo maishani. Kwa watu wazima ni chini ya mmoja kati ya 20. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2001, na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuipata, na anaweza kuomba kupimwa damu hospitalini kisha achanjwe. Mtoto mchanga ambaye manjano yake yamepita wiki 2, au ambaye choo chake kimepauka, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mzazi aombe kiwango cha nyongo katika damu kipimwe.