Ndevu za Mlimani na Asidi Iliyomo

Apitaye katika msitu wa mvua wa Kilimanjaro huona nyuzi za kijani-kijivu zikining'inia matawini kama ndevu. Nyuzi hizo si sehemu ya mti. Ni laikeni ya jenasi ya Usnea.

Laikeni ni kuvu iliyofungamana na mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho matupu. Kuvu hujenga mwili na kuhifadhi unyevu. Mwani hutumia mwanga kutengeneza sukari, na kuvu hula sukari hiyo. Mswisi Simon Schwendener alipoeleza ushirika huu katika miaka ya 1860, wataalamu wengi wa laikeni walimpinga vikali.

Laikeni nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Kiumbe kisichoweza kukimbia jua wala bakteria, na kinachochelewa hivyo kujaza pengo la kilicholiwa, huhitaji kinga ya kudumu. Kuvu ya Usnea hutengeneza asidi ya usniki, ambayo hutanda juu ya nyuzi zake kama fuwele za manjano.

Huuaje bakteria? Kila seli hai ina utando. Bakteria husukuma nje ya utando wake protoni, yaani chembe zenye chaji chanya. Protoni zinaporudi ndani kupitia mlango maalumu, seli hupata nishati, kama maji ya bwawa yazungushavyo mtambo wa umeme. Asidi ya usniki huzibeba protoni na kuzipenyeza utandoni bila kupita mlangoni. Ukuta wa bwawa umetoboka, mtambo hauzunguki. Bakteria wa majipu, Staphylococcus aureus, huathirika sana. Escherichia coli, mwenye utando wa pili kwa nje, hustahimili.

Laikeni zina pia fenoli, ambazo hutuliza radikali huru. Radikali huru ni molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, hivyo hunyang'anya ya jirani na kumharibu. Fenoli huipa atomu ya haidrojeni, na unyang'anyi hukoma. Jambo hili hupimika kwa urahisi ndani ya chupa ya maabara. Mwilini si rahisi hivyo.

Seli za ini letu nazo huzalisha nishati kwa bwawa la namna ileile, na asidi ya usniki yaweza kulitoboa pia. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu waache kidonge cha kupunguza uzito chenye chumvi ya asidi hii, baada ya baadhi ya watumiaji kuumia ini vibaya. Katika krimu na viondoa harufu ya kwapa, asidi hiyo hupakwa juu ya ngozi tu.