Mtoto Anataka Kunyanyua Chuma? Vidokezo 10 vya Kumwachia Bila Roho Kukudunda

Jumamosi moja nilikwenda kwa kaka yangu kudai sufuria zangu zilizoazimwa tangu shughuli ya mwaka jana. Kabla sijapiga hodi nikasikia mtu anahema uani kama anasukuma gari bovu. Nachungulia: mwanawe wa miaka tisa amelala chali kwenye benchi, juu ya kifua chake kuna chuma cha baba yake mdogo. Unakijua chuma chenyewe, kila mtaa kipo: bomba la maji, kila upande kopo la rangi la lita nne lililojazwa zege.

"Shangazi, usiniguse, namalizia!"

Anamalizia nini, na chuma hakijainuka hata unywele? Tulikitoa watu wawili. Mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza swali ninalolisikia tangu nasoma shule ya msingi: "Si atadumaa huyu?"

Wifi, tulia. Mtoto anaweza kupiga tizi la nguvu, na likamfaa. Ila si kwa zege la lita nane. Shika kalamu, twende harakaharaka.

1. Kudumaa? Hilo litoe kichwani kwanza

Mifupa ya mtoto ina sehemu laini za gegedu karibu na ncha zake, na hapo ndipo urefu unapoongezeka mpaka atakapomaliza kubalehe. Wazee wanaogopa chuma kitaziponda. Ajali mbaya huweza kuziumiza kweli, kama vile kuanguka kutoka kwenye mwembe. Lakini mazoezi yaliyopangwa na kusimamiwa ni habari nyingine. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinasema hakuna ushahidi kwamba yanapunguza urefu wa mtoto.

Hofu yenyewe haikuzuka hivihivi. Mwaka 1964 Wajapani wawili, Kato na Ishiko, waliandika kuhusu watoto wa sehemu za mbali ambao mifupa yao ilikwama kukua kwa sababu ya kazi nzito kupita kiasi. Soma tena: kazi nzito. Kumtumikisha mtoto ni jambo moja, na dakika ishirini za mazoezi jioni ni jambo jingine kabisa, ila maneno yalivyosafiri yakachanganywa kwenye chungu kimoja.

"Mbona wanyanyua vyuma wengi ni wafupi?" Ehe, hilo nalo. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki alikuwa na sentimita 147 hivi, na alichukua dhahabu za Olimpiki mwaka 1988, 1992 na 1996. Ufupi ulimsaidia, maana chuma chake kilikuwa na safari fupi kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa. Kusema chuma ndicho kilichomfupisha ni sawa na kusema mpira wa kikapu ndio uliomrefusha Hasheem Thabeet.

2. Usihesabu miaka tu, jaribu masikio

Watoto wengi wakifika miaka saba au minane wanaweza kujimudu wasiyumbe na kufuata maelekezo. Wengi, si wote. Kipimo changu hakina gharama: mwambie asimame kwa mguu mmoja mpaka uhesabu kumi, kisha achuchumae mara tatu polepole, kisha asimame tuli akusikilize. Kama kwenye mara ya pili ameshaondoka kumkimbiza kuku, bado. Mwachie rede, kombolela na kuruka kamba mpaka mwakani. Hajapoteza kitu, kwani kuruka kamba nako kunaimarisha mifupa.

3. Mwili wake ndio chuma cha kwanza

Mtoto wa kilo 25 anatembea na chuma cha kilo 25 siku nzima, bure. Kitumie! Anza na pushapu za ukutani: mikono ukutani, miguu hatua moja nyuma. Akizizoea, mikono ihamie kwenye benchi. Benchi likiwa rahisi, ashuke sakafuni kwa magoti, halafu ndipo zile za kweli. Changanya na kuchuchumaa na kutembea kama kaa wa ufukweni, tumbo juu na makalio yasiguse chini. Hiyo ya kaa, jiunge naye. Utagundua nani hasa anahitaji mazoezi nyumbani kwenu.

4. Mpini wa fagio utamfundisha kuliko kocha wa mtandaoni

Kabla ya uzito wowote, afundwe kuinama. Mpe mpini wa fagio aushike nyuma yake, wima, uguse sehemu tatu: kisogo, mgongo wa juu na makalio. Sasa apinde magoti kidogo, makalio yaende nyuma, ainame. Mpini ukiachia sehemu mojawapo, mgongo umepinda. Anaanza upya, hakuna kubembelezana.

Na ahesabu kwa sauti. Watoto wana tabia ya kubana pumzi wanapojikakamua, uso unaiva kama nyanya. Lakini nani anaweza kusema "nne, tano, sita" huku amebana pumzi? Ukimya ukitokea katikati ya hesabu, hapo mzigo umemzidi.

5. Chupa ya lita moja na nusu: jimu nzima kwa bei ya maji

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu, kwa hiyo tukae kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa tupu ya maji ni dumbeli na mizani kwa pamoja. Weka nusu lita kila chupa. Ainue mara 8 hadi 15, apumzike, na akiweza arudie raundi moja zaidi. Mwanzoni raundi moja au mbili zinatosha kabisa.

Uongeze lini? Akifikisha 15 bila kuyumba, bila kurusha mkono, bila kuazima nguvu za kiuno. Uongeze kiasi gani? Asilimia 5 hadi 10 tu. Kwa chupa yenye nusu lita, hiyo ni robo glasi ya maji. Ndiyo, robo glasi! Mtoto atakucheka. Mwache acheke. Robo glasi kila baada ya wiki kadhaa, na polepole chupa itajaa, bila kiungo kuteguka.

Maji yakiisha nafasi, hamia kwenye mchanga mkavu: nusu lita yake inakaribia gramu 800. Kifuniko kizungushie utepe wa gundi, la sivyo utafagia sebule mpaka usiku.

Na mashindano ya "nani anabeba zaidi" na mtoto wa jirani? Marufuku. Kupima uzito wa juu kabisa ambao mtu anaweza kuinua mara moja si mchezo wa kufanyia uani.

6. Siku mbili au tatu kwa wiki, basi

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Siku ya katikati ni ya mwili kujirekebisha. Kila kipindi kianze kwa dakika tano hadi kumi za kuchangamsha mwili, kukimbia kuzunguka nyumba kunatosha. Siku nyingine acheze: Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za kuhangaika na mwili, na angalau mara tatu kwa wiki wafanye vya kuimarisha misuli na mifupa.

Kama leo amepokezana na mwenzake dumu la maji kutoka bombani, hesabu hilo ndilo tizi lake. Usimrudishe kwenye chupa. Na dumu lenyewe likiwa la lita 20, hizo ni kilo 20 na ushee, kwa hiyo mtafutie la lita tano. Tunaogopa chupa mbili za maji zitamdumaza, halafu tunamtwisha dumu bila hata kuuliza.

7. Chuma cha baba mdogo kikae kifungoni

Unadhani watoto wanaumizwa na nini hasa? Uchunguzi uliofanywa Marekani kuhusu watoto wa miaka 8 hadi 13 waliopelekwa vyumba vya dharura kwa ajali za vyuma ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili waliumia viganja au nyayo, wengi kwa kuangukiwa au kubanwa. Si misuli kuchanika. Vidole!

Kile chuma cha uani tulikitazama vizuri siku ile. Zege la kopo la kulia lilikuwa na ufa, na bomba linazunguka ndani yake kama jino bovu. Chini ya benchi, mahali penyewe ambapo mtoto wa miaka minne wa nyumba ile hupanga vifuniko vyake vya soda, kulikuwa na kipande cha zege kimeshadondoka, kikubwa kama andazi.

Kwa hiyo: vyuma vya wakubwa chumbani, mlango ufungwe. Kama hakuna chumba, pitisha mnyororo na kufuli kwenye bomba na nguzo. Wadogo wakae mbali wakati wa tizi, mtoto avae viatu vilivyofunga vidole (ndala hapana), na mtu mzima awepo. Kuwepo maana yake macho yako kwa mtoto, si kwenye simu.

8. Misuli ya baunsa haiji, na usiinunue kwenye kopo

Andaa moyo wake mapema: kabla ya kubalehe, nguvu huongezeka lakini mkono haunenepi. Kinachojifunza ni mishipa ya fahamu, inazoea kuita misuli mingi zaidi kwa wakati mmoja. Homoni za kutunisha misuli bado hazijaja. Kwa hiyo atainua alichoshindwa mwezi uliopita, na shati lake litampwaya vilevile.

Poda za protini weka kando. Dagaa, maharage, mayai, maziwa na karanga vinafanya kazi hiyo tangu enzi za bibi, na usingizi wa saa 9 hadi 12 unamalizia. Na kama unatafuta kitu kinachodumaza kweli, ni hizi sindano na vidonge vya homoni vya kujengea mwili. Huweza kufunga zile sehemu za ukuaji kabla ya wakati. Kijana wako wa sekondari akianza kuvizungumzia, msikilize kwa makini.

9. Pita kwa daktari kwanza kama…

Mtoto ana tatizo la moyo, presha ya juu isiyotulia, kifafa, sikoseli, au aliwahi kutibiwa saratani. Hapo hatuanzi kwa kubahatisha.

Kwa wengine, jifunze kutofautisha maumivu. Msuli kuuma kesho yake na kutulia baada ya siku moja mbili, hayo ni malipo ya kazi. Kiungo kuuma, kuvimba, mgongo kukaza au mtoto kuchechemea, simamisha kila kitu. Ukiona hakuna nafuu, nenda hospitali. "Jikaze, wewe mwanaume" si dawa.

10. Mpe daftari, sio kioo

Mtoto anayejipima kwenye kioo atakata tamaa ndani ya wiki mbili, kwa sababu ile tuliyoiona: mkono haunenepi. Anayeandika namba anaona anavyopanda. Daftari la kurasa arobaini linatosha, na penseli iliyofungwa uzi isipotee.

La yule bwana mdogo limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Nilipokwenda tena (sufuria bado sijazipata) nikalifunua. Ameandika kwa herufi kubwa: JUMANNE PUSHAPU 4. ALHAMISI PUSHAPU 4. JUMAMOSI PUSHAPU 5 NA NUSU. Chini yake, kwa mwandiko wa mama yake: MAMA PUSHAPU 2, ZA UKUTANI.