Neno "Mashinani" na Chama Chake



Siku moja katika kikao cha Chama cha Kiswahili, mwalimu mlezi wetu aliandika ubaoni neno "mashinani" ili tulichambue. Tukajibu: shina, wingi wake mashina, halafu -ni ya mahali. Hapa Kapkatet hakuna asiyejua shina. Mchai ukipogolewa shina ndilo hubaki, na ndilo huchipua. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza, "Lakini Mwalimu, si hicho ni chama cha watu wa Bomet?" Darasa zima likacheka, nami nikapewa kazi ya kwenda kukichunguza.

Sisi tuko Kericho, lakini ukifika Sotik tayari uko Bomet. Gavana wa kwanza wa Bomet alikuwa Isaac Ruto, aliyechaguliwa mwaka 2013 kwa tiketi ya URP. Yeye ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 203, inasema kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Magavana wakaona ni kidogo. Mwaka 2014 wakaanza kampeni ya kura ya maamuzi iliyoitwa Pesa Mashinani, wakidai asilimia 45. Kura yenyewe haikufanyika, lakini neno lilibaki. Mwaka 2016 URP na vyama vingine vilipovunjwa ili kuunda Jubilee, Ruto alikataa kuingia, akaja na Chama Cha Mashinani. Kifupi chake ni CCM, na wenzangu wakadhani ati nimehamia Tanzania! Ile ni Chama Cha Mapinduzi, iliyozaliwa mwaka 1977 TANU na Afro-Shirazi zilipoungana.

Sasa hapa ndipo nilipochanganyikiwa. Kisheria, Kenya haina chama cha kaunti. Kifungu cha 91 kinataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa, tena kisijengwe juu ya kabila wala eneo. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inadai wapiga kura 1,000 wawe wanachama katika kila kaunti, na kaunti hizo zizidi nusu ya zote 47. Piga hesabu mwenyewe: kaunti 24, watu 24,000. Kwa hivyo chama ambacho nguvu zake ziko Bomet lazima kiandikishe watu mbali, hata kama huko hakina mgombea.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1960 kulikuwa na Kalenjin Political Alliance ya Taita Towett, mtu wa hapa hapa Bureti, na jina lake lilitaja jamii waziwazi. Mwaka huo huo ikajiunga na KADU, waliotaka majimbo. KADU nao wakavunja chama chao Novemba 1964, wakaingia KANU.

Turudi Bomet. Mwaka 2017 Ruto aliingia muungano wa NASA, akashindwa na Joyce Laboso wa Jubilee, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana Kenya. Mwaka 2022 chama kilikuwa ndani ya Kenya Kwanza, naye akawania tena. Safari hii alishindwa na Hillary Barchok wa UDA.

Wenzangu walisema basi, hicho ni chama cha mtu mmoja, kazi bure. Mimi sikubali kabisa. Suala la asilimia halikufa. Mpango wa BBI ulitaka kaunti zipate 35, mpaka Mahakama ya Juu ilipousimamisha Machi 2022. Ile 15 ingali katika Katiba.

Nilimuuliza kogo, nyanya yangu, alichaguaje siku ile ya karatasi sita. Akasema, "Tuliambiwa tuvae suti, tukavaa suti." Yaani zote sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, alizipa chama kimoja. Nikamuuliza kama alimjua huyo wa wadi. Akacheka tu, akaendelea kuchambua mboga.

Mjadala wetu muhula ujao utakuwa juu ya hiyo suti, na mimi niko upande wa wanaoipinga. Kogo ameshaniambia nitashindwa.