Taveta kwa Wanaokwenda Moshi

Wengi wanaotoka Voi kwenda Moshi huijua Taveta kwa foleni ya malori na vijana wa kubadilisha pesa, kisha hao, Holili, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Wanapoteza nusu siku nzuri. Taveta ilikuwa kituo tangu enzi za misafara ya pwani, iliyopumzika kwenye msitu wa mto Lumi kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, wapagazi wake walikaa hapo wakitunga shanga upya, kwani Wamaasai hawakupokea ila zilizotungwa kwa kipimo chao.

Panga ufike Jumatano au Jumamosi, siku za soko, na utoke Voi alfajiri. Ni kama kilomita 110 za lami kupitia Mwatate na Maktau, halafu barabara inakata Tsavo Magharibi. Ndovu huvuka wakati wowote, na gizani huwaoni mpaka umewafikia, kwa hiyo safari ya usiku iache. Isitoshe, Kilimanjaro huonekana asubuhi kabla haijajifunika mawingu.

Simama kwanza Salaita, kabla hujaingia mjini. Ni kilima kifupi cha vichaka na miiba ambacho ungekipita bila kugeuza shingo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakakigeuza kilima hiki kuwa ngome. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi Wazungu wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza na wageni kabisa wa vita hivi, walikishambulia. Mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, yamefichwa vichakani, na ndani yake askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani wakingoja. Waafrika Kusini wakatimua mbio. Waliowakinga wasiangamizwe ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu wale wale ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, alikizunguka kilima kwa upande wa ziwa Chala, Wajerumani wakakihama, na vita vikahamia vilima vya Latema na Reata, ng'ambo ya mji.

Tafuta kijana wa kijijini akuongoze, mwelewane bei kabla ya kuanza kupanda Salaita, na uvae viatu vya kufunika vidole. Ukiona ganda la risasi, liache lilipo. Huenda ukaonyeshwa pia mbuyu wenye matundu, usimuliwe habari za mwanamke Mjerumani aliyejificha humo akilenga shabaha. Sikiliza kama hadithi. Mbuyu wenyewe ni wa kutazama hata bila yeye.

Mjini kuna makaburi ya vita, mawe yamepangwa safi. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawana hata jiwe lenye jina.

Halafu nenda sokoni ukiwa na njaa. Hapa ndizi ndiyo bidhaa: mikungu hulazwa chini kwa safu, mnunuzi huinama, huminya kidole kimoja, ndipo bei ianze. Anayeuza anajua kwamba lori la Mombasa linangoja, na mnunuzi naye anajua kwamba ndizi hazingoji. Kwa mlo, agiza ndizi za kupikwa na nyama. Chipsi utazikuta popote.

Utaambiwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro, ndiyo maana mpaka umepinda. Si kweli. Makubaliano ya 1886 yaliupitisha mstari kati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, basi mlima ukabaki kwa Wajerumani na Taveta kwa Waingereza.

Ukiwa na saa mbili za ziada, panda bodaboda hadi ziwa Chala, lililo ndani ya kreta, mpaka ukilikata katikati. Maji yake ya buluu yanavutia, lakini usiogelee: mwaka 2002 kijana Mwingereza aliuawa na mamba humo.

Mpakani, kitambulisho cha Kenya pekee hakitoshi. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya homa ya manjano. Mwenye gari awe na kitabu cha gari na bima inayovuka mpaka. Pesa zibadilishe benki. Ukilazimika kwa vijana wa barabarani, hesabu noti zao mwenyewe kabla ya kutoa zako, wala usikubali wazichukue tena "kuhakikisha".