SOMO LA 14: FEDHA ZINAZOHESABIWA KABLA HAZIJAPATIKANA

Ndugu msomaji, tuseme kijiji chenu kimejenga kuta za zahanati. Msingi mlichimba wenyewe. Akina mama walisomba maji na mchanga, vijana wakafyatua matofali. Sasa kuta zimefika mahali pa kuweka kenchi. Halmashauri ya wilaya imeandika barua kwamba fedha za mabati zimo katika bajeti ya mwaka huu. Mwenyekiti wa kijiji ameisoma barua hiyo mkutanoni, na watu wamepiga makofi.

Mwezi wa saba unapita. Mwezi wa kumi na mbili unapita. Masika yanafika, na mabati hayajaja. Mvua inazinyeshea kuta, na wajawazito bado wanabebwa kwa baiskeli kwenda zahanati ya mbali.

Watu wanaanza kunong'ona. Wanasema fedha zimeliwa. Huenda zimeliwa kweli, maana mambo hayo hutokea, nasi hatutayaficha. Lakini ipo sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Huenda fedha hizo hazijapata kuwapo hata siku moja. Ziliandikwa, lakini hazikukusanywa.

Makadirio ni nini?

Bajeti ya nchi huitwa pia makadirio ya mapato na matumizi. Lishike vizuri neno makadirio. Mkulima akitazama shamba lake la mahindi mwezi wa tatu, husema, "Hapa nitapata magunia ishirini." Hayo ni makadirio. Magunia yenyewe hayapo bado. Mvua ikikatika, au nguruwe wakiingia shambani, atapata kumi na mawili. Akiwa amekwisha kukopa kwa kutegemea yale ishirini, atapata taabu.

Serikali ya Tanzania hufanya hivyo hivyo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mwezi wa Juni Bunge hukaa Dodoma na kupitisha bajeti ya mwaka unaofuata. Bajeti ya mwaka 2024/25, kwa mfano, ilikuwa ya shilingi trilioni 49.35. Je, siku Bunge lilipoipitisha, fedha hizo zilikuwa zimelala Hazina? Hapana. Sehemu ilitazamiwa kutoka kwenye mikopo na misaada. Sehemu kubwa ilikuwa bado mifukoni mwa wananchi. Ilikuwamo katika sabuni ambayo haijatengenezwa, na katika mafuta ya lori ambayo hayajafika bandarini.

Labda wewe unasema, "Mimi silipi kodi." Ni kweli kwamba kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu walikimbilia porini kuikwepa, ilifutwa mwaka 2003. Lakini fikiri kidogo. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Tanzania tarehe 1 Julai 1998, na tangu mwaka 2009 kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni shilingi 18 kwa kila shilingi 100. Bidhaa ya kiwandani yenye bei ya shilingi 10,000 kabla ya kodi inaongezewa 1,800. Kodi hiyo imo ndani ya bei, hata kama muuza duka wa kijijini hakuitaja. Basi unalipa. Nayo Serikali, inapokadiria mapato, inakadiria pia ni mara ngapi wewe utakwenda dukani.

Wanakadiriaje?

Wataalamu wa Wizara ya Fedha na wa Mamlaka ya Mapato huanza na yale yaliyopatikana mwaka uliopita. Kisha hujiuliza: Je, mwaka ujao biashara itaongezeka? Bei zitapanda? Meli nyingi zaidi zitashusha mizigo Dar es Salaam? Mvua zitakuwa njema? Tena, kama sheria ya kodi itabadilishwa, watu watafanya nini?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Tazama mambo ya mwaka 2021. Katika bajeti ya mwaka huo Serikali iliweka tozo ya miamala ya simu. Mtu akituma au kutoa fedha kwa simu, alikatwa kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, kufuatana na kiasi cha fedha. Ilikadiriwa kwamba tozo hiyo italeta zaidi ya shilingi bilioni 1,254 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, utapata kama bilioni 104 kwa mwezi.

Tozo ilianza tarehe 15 Julai 2021. Katika wiki nne za kwanza zilipatikana karibu shilingi bilioni 48. Kwa nini zisifike hata nusu? Watu hawakukaa wakitazama tu. Aliyekuwa akimtumia mama yake fedha kwa simu, sasa alimpa dereva wa basi azipeleke. Mwenye duka alirudia kulipwa mkononi. Na malalamiko yalikuwa makubwa nchi nzima. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena.

Hatusemi kwamba tozo hiyo haikufanya kazi yoyote. Vituo vya afya na madarasa yalijengwa kwa fedha zake. Tunachotaka uone ni kosa la hesabu. Ukihesabu miamala ya jana, kisha ukazidisha kwa tozo ya kesho, unasahau kwamba mtu aliyewekewa tozo ana akili na atatafuta njia nyingine.

Wakati mwingine jambo linatoka mbali kabisa. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni mingi nchini Brazili. Bei ya kahawa duniani ikapanda sana hadi mwaka 1977, kisha ikashuka. Wakulima wa Kilimanjaro na Bukoba hawakufanya lolote kuipandisha, wala hawakuweza kuizuia isishuke. Anayepanga matumizi ya miaka mingi kwa bei ya namna hiyo anategemea baridi ya nchi nyingine.

Upungufu unamwangukia nani?

Chukua kalamu, tufanye hesabu. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Tuseme Serikali imekadiria kupata shilingi 100. Imepanga 30 za kulipa madeni, 30 za mishahara, na 40 za dawa, barabara, maji na mabati ya zahanati. Mwisho wa mwaka zimepatikana 85. Zimepungua 15.

Sasa, nani atapunguziwa? Aliyetukopesha hakubali kungoja. Mwalimu na muuguzi lazima walipwe mwisho wa mwezi. Hizo ni 60, na hazipungui. Zinabaki 25. Upungufu wote wa shilingi 15 umeangukia zile 40. Tukisema mapato yamepungua "kidogo tu", kwa zahanati yenu ni zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana mvua inaingia ndani ya kuta.

Kazi ya Mbunge

Katiba, ibara ya 138, inasema kodi haiwezi kutozwa bila sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo wabunge wana mamlaka makubwa. Lakini yana mipaka. Kwa ibara ya 99, Mbunge hawezi kusimama mwenyewe na kupandisha kodi au kuongeza matumizi. Jambo hilo lazima liletwe na Rais kwa kupitia Waziri. Mbunge anaweza kuhoji, kushauri na kukataa. Ipo Kamati ya Bajeti inayokaa na wizara na kupima makadirio kabla ya kura. Mbunge asiporidhika na maelezo, hushika shilingi, yaani hupendekeza mshahara wa Waziri upunguzwe shilingi moja mpaka ajibu. Mwishoni kila Mbunge huitwa kwa jina aseme ndiyo au hapana. Bunge likiikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, na wabunge wote warudi kwa wapiga kura. Unaweza kukisia kwa nini "hapana" husikika kwa nadra.

Hapa pana kishawishi. Kila Mbunge anataka barabara ya jimbo lake, nasi wapiga kura ndio tunaomtuma. Fedha hazitoshi. Kupandisha kodi kunaudhi watu, na kufuta barabara kunaudhi watu. Njia rahisi ni kupandisha namba ya mapato yanayotazamiwa. Kwenye karatasi kila mtu amepata, na makofi yanapigwa.

Kukadiria chini mno nako kuna hasara. Mwaka ukiisha na fedha nyingi kuliko ilivyopangwa, ina maana wauguzi waliokuwa wanahitajika hawakuajiriwa, au wananchi walitozwa bila sababu.

Basi Mbunge au diwani wenu akija kusema, "Fedha za zahanati zimepitishwa," msipige makofi upesi. Mwulizeni: "Mwaka jana zilipitishwa ngapi kwa wilaya yetu, na zilizofika ni ngapi?" Anaweza kuipata namba hiyo halmashauri. Na taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo hupelekwa Bungeni kila mwaka, huonyesha makadirio na kilichopatikana.

Kazi ya darasani

1. Rudia ile hesabu ya shilingi 100, lakini safari hii zimepatikana 92. Zahanati, barabara, maji na dawa zimebakiwa na ngapi?

2. Tozo ya simu ilipoanza mwaka 2021, wewe na jirani zako mlibadili nini katika kutuma fedha? Kila mmoja aeleze, na mwalimu aandike ubaoni.

3. Andikeni pamoja barua fupi kwa Mtendaji wa Kijiji. Ombeni asome katika mkutano mkuu ujao fedha zilizopangiwa kijiji chenu mwaka jana, na zilizopokelewa.