Maradhi ya Moyo na Hoja ya Kadari

Kila tutokapo mazikoni, na maiti akiwa ni mtu wa miaka hamsini au chini yake, neno lisemwalo barazani huwa ni moja: ajali yake imefika. Neno hilo ni la kweli, wala hapana Muislamu alikataaye. Lakini wengi wetu twalitumia kuufunga mlango wa kuuliza ni sababu gani iliyomuua ndugu yetu, na kama sababu hiyo imo katika nyumba zetu pia.

Imepokewa katika Bukhari kwamba Sayyidna Umar (R.A.), akiwa safarini kwenda Sham, alipofika Sargh aliletewa habari kuwa tauni imeingia nchi ile. Akashauriana na masahaba, kisha akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari kuiendea kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu: popote achungapo ni kwa kadari. Basi na tuutazame upande mkavu tuuchungao sisi.

Mwaka 1948 madaktari wa Marekani walianza kuwafuatia watu 5,209 wa mji uitwao Framingham, wanaume kwa wanawake, wakiwapima kila baada ya muda, ili wajue ni nani atakayeugua moyo na kwa nini. Wakati ule hata madaktari wengi walidhani kuwa kupanda presha ni jambo la uzee tu. Ikadhihirika kuwa sivyo. Presha ya juu, mafuta mengi katika damu, sigara, maradhi ya sukari, unene na kukaa kitako ndivyo vitangulizi vya maradhi haya, na vikikutana kwa mtu mmoja huzidishana nguvu.

Ya kuogopwa zaidi ni presha, kwa kuwa haina sauti. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wanayo, na zaidi ya nusu hawajapata kupimwa hata mara moja. Moyo husukuma damu kwa nguvu kupita kiasi mpaka nyama yake ikawa nene, kisha ikachoka. Na kuta za mishipa huharibika, mafuta yakaganda humo. Mshipa wa moyo ukiziba, sehemu ya moyo hufa. Wa ubongo ukiziba au ukipasuka, ni kiharusi, ugonjwa ambao bado wako kwetu wanaousingizia upepo na majini, mgonjwa akapelekwa kwa mpiga ramli hali saa za mwanzo ndizo za kumwokoa.

Tukija katika sinia zetu, chumvi ya kutosha mtu mzima kwa siku haifai kupita gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, achari, papa mkavu na ng'onda. Sisemi watu waache biriani. Arusi ni arusi. Lakini tumeyafanya ya arusi kuwa ya kila siku: mahamri asubuhi, viazi vya karai jioni, katika mafuta yaliyokwisha chemshwa mara nyingi, na chai iliyojaa sukari. Na Ramadhani, mwezi wa kupunguza, wengine hutoka wameongezeka uzani! Hali Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Miqdam aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kuligawanya tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi.

Sigara ni shari tupu, na aiachaye, baada ya mwaka mmoja hatari yake iliyozidi hupungua kwa karibu nusu. Kuhusu muguka, amri ya Kaunti ya Mombasa ya Mei 2024 ya kuupiga marufuku ilisimamishwa na mahakama. Lakini moyo unaokwenda mbio kwa majani hayo hauingojei hukumu.

Mji wa Kale ulijengwa kwa kutembewa. Leo kijana mzima hupanda tuktuk kutoka Kibokoni hadi Marikiti. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa juma, yatosha. Na wanawake wetu wana haki hiyo hiyo ya kutoka asubuhi kutembea Mama Ngina, kwani moyo wao si wa namna nyingine.

Kila mtu mzima na akapimwe presha. Ikirudiwa ikaonekana 140 kwa 90 au zaidi, amwone daktari. Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa kujiona mzima, kwani uzima huo ndio kazi ya dawa, wala asile ya jirani. Kabla ya Ramadhani amwendee daktari ampangie dawa baina ya futari na daku. Na asiyeweza kufunga kwa maradhi amekwisha ruhusiwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Asilazimishwe na macho ya watu.