Mafunzo Niliyopata Lamu Tulipoyakataa Makaa ya Mawe

Nilikuwa miongoni mwa vijana waliopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, iliupa leseni Septemba 2016. Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira likaifuta. Nawaandikia vijana wenzangu wa nchi ambazo, kama yetu, mchango wake katika kulichafua anga ni mdogo lakini ukame na mafuriko vinaanzia huko.

1. Anza na kinachomgusa mwenyeji

Mvuvi hahitaji kuanziwa na nyuzijoto za dunia. Jioni moja, mzee aliyekuwa akishona wavu alitusikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, kisha akauliza maji ya moto ya mtambo yatamwagwa wapi, na kaa wa mikokoni watahamia wapi. Akataka kujua pia jivu litafika wapi kaskazi ikivuma. Maswali yake matatu yalikuwa mazito kuliko hotuba zetu zote, na tangu siku hiyo ndiyo tuliyoyapeleka barazani.

2. Isome ripoti yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo. Ripoti ya athari za mazingira ilikuwa nene, ya Kiingereza kigumu. Tuligawana sura, tukakaa barazani usiku tukizifasiri, kisha tukawaeleza akina mama na wavuvi kwa Kiamu chetu. Maandamano yalitupa sauti, nami nayaheshimu, lakini leseni haikufutwa kwa sababu ya mabango. Jopo liliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyotajwa ilikuwa ya utangulizi tu, ikafanyika kabla ya utafiti kukamilika, kwa hiyo watu hawakupata nafasi ya kuzijadili athari zilizoandikwa humo. Jopo lilitaja pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Basi kila kikao kikiitishwa kwenu, andika tarehe, nani alikiita, alisema nini, na nani aliuliza akanyimwa jibu. Daftari la shilingi hamsini linatosha.

3. Huhitaji kuwa na shamba ili ufungue kesi

Vijana wengi hudhani mwenye haki ya kushtaki ni mwenye ardhi. Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, wala hatakiwi kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara. Ila rufaa ya kupinga leseni mbele ya jopo ina muda wake: siku 60. Zikipita, kilio chenu kitakuwa na njia finyu.

4. Anayeutaka mradi si adui

Waliouunga mkono mtambo waliahidiwa ajira, na ukosefu wa kazi Lamu si hadithi. Ukimdharau kijana mwenzio kwa kutaka kazi, umempoteza.

5. Msiende peke yenu

Baadhi ya wanaharakati wa Lamu walitishwa, wengine wakakamatwa. Tembeeni wawili wawili, nyumbani wajue mlipo, na namba ya wakili muihifadhi kichwani, kwa kuwa simu huchukuliwa.

6. Simulieni wenyewe

Januari 2020, Vanessa Nakate, mwanaharakati wa tabianchi wa Uganda, alipigwa picha Davos, Uswisi, pamoja na wanaharakati wenzake wanne Wazungu, na shirika la habari la AP likaisambaza yeye akiwa amekatwa. Iliniuma sana. Tangu hapo sisubiri mpiga picha wa mbali; tunaandika na kurekodi wenyewe, kwa Kiswahili.

Kama kuna mradi unaonong'onwa kijijini kwenu, nendeni ofisi ya NEMA ya kaunti wiki hii mkaombe ripoti yake kwa barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Bakini na nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri, na leseni ikitoka, anzeni kuhesabu siku.